Koko Clémentine na Jina Lisilotajwa

Wasikilizaji wapendwa, ni asubuhi ya Jumamosi hapa Braamfontein, Johannesburg, na kiti nilichokalia leo kinanichoma. Mimi ni Burhani. Fundi mitambo ameshanionya mara mbili nitulie, maana kiti kinalia na mlio unaingia kwenye maikrofoni. Atanisamehe. Leo sitatulia, kwa sababu ninayemkumbuka naye hakutulia siku hata moja.

Anaitwa Clémentine Nabintu. Amefariki Jumanne ya wiki mbili zilizopita, akiwa na miaka sitini na moja. Alizaliwa Bukavu, Kongo, na kwa miaka kumi na sita alikuwa fundi cherehani hapa Johannesburg. Nairudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: Clémentine Nabintu, mzaliwa wa Bukavu, fundi cherehani wa Rosettenville. Lakini nikisema Clémentine wengi mtajiuliza ni nani huyo. Nikisema Koko, mtamjua.

Kwao Kongo, koko ni bibi. Bahati iliyoje, Wapedi wa hapa nao humwita bibi koko. Kwa hiyo mtaa mzima ulimwita Koko, wenyeji na wageni, bila mtu kumfundisha mwenzake. Alishona magauni ya harusi, sare za kwaya, suruali za walinzi zilizopasuka magotini. Ukimpelekea kitenge Jumatatu, Jumatano unavaa. Na alikuwa hakawii kukuambia umenenepa.

Alexis ni fundi mwenzake. Wote wawili ni wa Bukavu, ingawa si ndugu, na walipanga chumba kimoja cha kushonea pale Rosettenville. Nilimpigia juzi nikamwomba anieleze Koko alikuwaje. Akacheka kwanza. "Ule mama hakuwa wa kuikala," alisema. "Unamupatia kiti, anaweka manguo juu yake. Anakula amesimama. Anasali amesimama. Hata ku church, pasta anasema mukae, yeye anasimama nyuma karibu na mulango."

Karibu na mlango. Hilo mlishike, wasikilizaji wapendwa, maana Koko alipenda kuwa mahali anapoweza kutoka haraka. Alipofika Johannesburg alianzia Jeppestown, chumba kimoja juu ya karakana ya magari. Kisha akahamia Rosettenville. Humo Rosettenville akahama mara saba, na mara zote saba Alexis ndiye aliyesukuma cherehani kwenye toroli la sokoni huku akinung'unika. Mara zote mitaa ile ile, wala si mbali. Alihama kila mara jirani alipoanza kuuliza maswali mengi kuhusu mtoto.

Mtoto huyo ni Héritière. Leo ni binti wa miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni, hatua chache tu kutoka studio hii. Ni mjukuu wa Koko. Amekuja mwenyewe, amekaa mbele yangu, na mengi mtakayoyasikia ni yake. Kiswahili chake kina Kiingereza na Kizulu ndani, kama cha watoto wetu wote waliokulia huku, na pale alipokwama nilimwazima neno.

Sasa tuanze Bukavu. Koko alikuwa na binti mmoja tu. Jina la binti huyo nitalitaja, lakini si sasa, na mtaona kwa nini. Binti alijifungua Héritière akiwa na miaka ishirini. Mtoto alipofikisha miezi minane, mama yake akaugua wiki mbili, akafariki. Wiki mbili tu. Koko alizika mtoto wake wa pekee akabaki na mtoto wa mtoto wake mgongoni.

Siku ya kuondoa matanga, wakubwa wa ukoo walimkalisha Koko mkekani. Wakamweka mtoto magotini pake. Wakamwambia hivi: huyu si yatima, ana mama, na mama yake kuanzia leo ni wewe. Asiambiwe pole na mtu yeyote. Na jina la marehemu lisitajwe mbele yake, asije akakua akijiona ana pengo. Wakamwapisha. Sijui kama ni mila ya Bukavu nzima, msinipigie simu kunisahihisha. Ilikuwa mila ya ukoo wao, na Koko aliapa, na Koko alikuwa mtu wa kushika neno lake.

Mtoto alipotimiza miaka mitatu wakaja Johannesburg. Safari hiyo sitaisimulia, wengi wenu mmeipita na mnajua mabasi yake na mipaka yake. Walifika ofisi ya karatasi za wakimbizi wakiwa wamevaa nguo walizoondoka nazo. Afisa akauliza, huyu mtoto ni wako? Koko akajibu, ni wangu. Umemzaa wewe? Nimemzaa mimi. Afisa akaandika. Mama, na mtoto.

Wasikilizaji wapendwa, tusikimbilie kumhukumu. Mtu mwingine angekuwa anamdanganya afisa. Koko alikuwa anarudia alichoapishwa mkekani mbele ya wakubwa wake. Angesema vinginevyo, ndipo angejiona mwongo. Lakini faili halijui mkeka. Faili liliandika mama na mtoto, na kuanzia siku hiyo Koko akawa na kitu cha kulinda kila alikokwenda.

Nyumbani Héritière alimwita Koko kama watoto wengine wa uani. Sheria ilikuwa moja. Wakivuka geti la ofisi yoyote, anaitwa Mama. Siku moja walienda kuongeza muda wa karatasi, mtoto ana miaka sita, foleni imekula asubuhi yote, na afisa ni kijana wa Kipedi. Mtoto akavuta sketi. "Koko, nina njaa."

Kijana akainua kichwa. "Anakuita koko?" aliuliza, na yeye alijua vizuri koko ni nani.

"Watoto wote kwetu wananiita hivyo," Koko akamjibu. "Nimezeeka mapema, baba. Maisha."

Kijana akacheka, akagonga muhuri. Koko naye akacheka. Héritière anasema walipotoka nje Koko alimshika mkono, wakatembea kutoka katikati ya jiji hadi Rosettenville bila kupanda teksi, robot, yaani taa za barabarani, zikiwaka nyekundu na wao wanavuka tu. Wiki hiyo hiyo wakahama.

Mtoto hakuwa mjinga. Alijua bibi si mama. Alipokuwa na miaka kumi aliuliza waziwazi: Koko, nani alinizaa? Koko alikuwa anapiga pasi. Akachomoa waya, akatoka nje, akarudi baada ya saa nzima na mkate kutoka spaza, kiduka cha mtaani, mkononi. Akasema, "Kula." Héritière akala. Hakuuliza tena. Hakukuwa na picha nyumbani, wala jina, wala kaburi la kuambiwa liko upande gani. Nimemuuliza kama aliwahi kumkasirikia bibi yake kwa hilo. Ameniambia ndiyo, sana, kila siku ya wazazi shuleni.

Na bado bibi huyo huyo ndiye aliyemsubiri getini miaka kumi na miwili bila kukosa. Mtoto akiumwa, Koko alimbeba mgongoni akaendelea kukanyaga cherehani. Alijifunza Kizulu cha kugombana na walimu. Kuna mwalimu aliwahi kusema Héritière hafai kusoma hesabu, na Koko alikwenda kusimama nje ya darasa lile siku tatu mfululizo, kimya, na utepe wake wa kupimia shingoni, hadi mwalimu mwenyewe akasema basi, mama, atasoma hesabu. Eish, yule mama.

Sasa twende Januari ya mwaka jana. Héritière amepita matriki, mtihani wa mwisho wa sekondari, na chuo kimemkubali. Ametimiza miaka kumi na minane, kwa hiyo anatakiwa kuwa na karatasi yake mwenyewe. Na hapo ikaja barua kutoka ofisini. Barua inasema mama na binti wafike kwa kipimo cha damu, ithibitike kwamba huyu ni mama na huyu ni binti. Usajili wa chuo unafungwa mwezi unaofuata.

Koko aliisoma barua amesimama. Kisha akatoa begi uvunguni. "Tunaenda Durban," alisema.

"Siendi," Héritière akajibu.

"Kuna watu bangu kule. Utasoma kule kule."

"Koko, no. Siendi. Kila mara tunahama, na mimi sijui hata tunakimbia nini."

Alisimama mlangoni, mikono imeshika miimo yote miwili, na mara ya kwanza katika maisha yake akamzuia bibi yake kutoka. Alexis anasema alisikia kutoka chumba cha kushonea, akaja, akamkuta Koko amekumbatia begi. Alexis ndiye aliyewapeleka kwa wakili.

Wakili huyo ni Mkenya, anaitwa Cheryl, na husaidia watu wa karatasi bila malipo siku za Alhamisi. Alisikiliza yote. Kisha akasema kama Wakenya wanavyosema, moja kwa moja: "Mama, hii kitu itatoka tu. Damu itaongea. Ikitoka kwa maabara, watasema uliwadanganya miaka yote hiyo, na file yenu nyote wawili inaweza kufungwa. Ikitoka kwa mdomo yako kwanza, uwaeleze vile ilikuwa, tuko na nafasi. Lakini lazima uiseme wewe. Mimi siwezi kukusemea."

Koko akatikisa kichwa. "Niliapa. Mbele ya bakubwa, na mutoto iko ku magoti yangu. Mukitaka kupima damu, mupime. Lakini ile neno haitatoka ku kinywa yangu."

Basi, wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo mambo yalipofika. Koko akinyamaza, Héritière anapoteza karatasi na nafasi ya chuo. Koko akisema, anavunja kiapo cha miaka kumi na saba, anamtaja marehemu, na yule aliyeambiwa si yatima anakuwa yatima mbele ya serikali. Siku za kuamua zilikuwa kumi na moja.

Siku hizo kumi na moja Koko alizimaliza kwa miguu. Cherehani ilinyamaza. Wateja walikuja kufuata nguo, wakakuta zimekatwa hazijaunganishwa, na Alexis anaomba radhi. Koko anatoka asubuhi, anarudi jioni, miguu imevimba, hasemi alikokuwa. Siku ya tisa Héritière alimfuata. Alimwona amesimama kwenye robot ya barabara kubwa, yeye ambaye huwa hasubiri robot. Ikawaka kijani, hakuvuka. Nyekundu. Ikawaka kijani tena, hakuvuka. Watu wanampita huku na huku, wengine wanamsukuma. Héritière akasogea, akamshika mkono wa sweta.

Koko hakugeuka. Alisema tu, "Nikisema, utakuwa yatima."

Na Héritière akamjibu maneno ambayo nimemwomba ayarudie hapa studioni na ameshindwa, kwa hiyo nayasema mimi. Alimwambia, "Koko, mimi ni yatima tangu zamani. Najua. Ni wewe tu unakataaka."

Koko akavuka barabara. Héritière anasema hakujua kama amesikia au la.

Siku ya kumi na moja, Jumanne, walifika ofisini, Koko, Héritière na wakili Cheryl. Palikuwa na viti, na Koko, mnaweza kukisia, hakukaa. Palikuwa na afisa, mama wa makamo mwenye miwani, na mkalimani wa Kiswahili. Afisa akafungua faili. Swali lilikuwa la ndiyo au hapana. Mkalimani akalitafsiri: je, wewe ndiye mama mzazi wa huyu binti?

Koko akaenda hadi dirishani, akarudi. Cheryl aliniambia kwamba yeye alikuwa ameshaanza kutunga kichwani barua ya kukata rufaa.

"Huyu sikumuzala," Koko alisema. "Huyu nilimulea."

Mkalimani akatafsiri. Afisa akauliza, nani alimzaa?

"Falonne," akasema. "Njo alimuzala. Falonne Nsimire. Binti yangu."

Falonne Nsimire. Sasa nimelitaja, wasikilizaji wapendwa. Héritière alikuwa na miaka kumi na minane na ndiyo mara ya kwanza kulisikia jina la mama yake.

Afisa alikuwa ameshapata alichotaka. Akageuza ukurasa. Lakini Koko hakunyamaza. Alisema Falonne alikuwa na pengo kwenye meno ya mbele, kama hili la huyu hapa, tazameni. Alisema Falonne hakula kitunguu tangu akiwa mdogo, alikuwa anakichambua kwenye sombe, yaani kisamvu, kimoja kimoja na kukipanga pembeni ya sahani. Alisema aliimba kwaya na sauti yake ilikuwa mbaya, mbaya kabisa, na wote walijua na hakuna aliyethubutu kumtoa. Alisema alipokuwa anaumwa alimwita mtoto aletewe, na walipomletea hakuwa na nguvu za kumshika, akamnusa tu kichwani. Mkalimani alitafsiri nusu, kisha akaacha. Afisa akaweka kalamu chini. Karibu saa nzima Koko alisema, amesimama, jasho linamtoka, huku akitembea kutoka ukutani hadi dirishani, na hakuna aliyemkatiza.

"Ofisini ndiyo nilimjua mama yangu," Héritière ameniambia leo asubuhi. "Hata mimi sili kitunguu. Koko alikuwa ananichapa juu ya kitunguu, halafu anaenda kulia jikoni. Sikujuaka kwa nini."

Walisubiri wiki tatu. Ofisi ikasahihisha faili. Haikuandika mama na mtoto tena. Iliandika bibi na mjukuu, na pale penye mama ikaandika Falonne Nsimire, marehemu. Karatasi ya Héritière ikatoka siku nne kabla ya usajili kufungwa. Akaingia chuo.

Natamani niishie hapo. Wengine mngependa niishie hapo. Lakini Koko alipiga simu Bukavu kuwaambia wakubwa alichofanya, kwa sababu hakutaka wasikie kwa mwingine. Kaka yake alimsikiliza hadi mwisho, kisha akakata simu. Alipopiga tena, haikupokelewa. Aliendelea kupiga kila Jumapili mwaka mzima, akizunguka uani na simu sikioni, na haikupokelewa hata siku moja. Na jina la Falonne hakulirudia tena. Héritière alijaribu kumuuliza zaidi. "Nilishasema mara moja, inatosha," alimjibu. Alirudi kwenye cherehani yake, akashona, akatembea, akasimama karibu na mlango.

Jumanne ile ya wiki mbili zilizopita alikuwa anapiga pasi shati la mteja. Alexis alimgeuzia mgongo kutafuta vifungo, akasikia pasi imeanguka. Presha. Hospitalini waliuliza nani atatia sahihi, na Héritière akatoa karatasi yake inayosema yeye ni mjukuu. Koko hakuamka.

Bukavu wamepelekewa habari. Wamesema watatuma neno. Hawajatuma.

Wasikilizaji wapendwa, katika kipindi hiki tunazoea kufunga kwa kutoa pole kwa familia ya marehemu, wajomba, mashangazi, kaka na dada popote walipo. Leo familia ya marehemu ni mtu mmoja, na amekaa mbele yangu na glasi ya maji ambayo hajainywa. Alexis na wanakwaya ambao Koko aliwashonea sare wamesimama kwenye korido. Mazishi ni leo saa nane mchana, na yeyote aliyewahi kuvaa nguo iliyotoka mkononi mwa Koko anaombwa aivae aje nayo.

Na ninyi mnaonisikiliza mkiwa jikoni, kazini, kwenye teksi, nawaomba jambo. Kila nyumba yetu huku ugenini ina mtu ambaye hatajwi mbele ya watoto. Tulinyamaza kwa mapenzi, na tunaendelea kunyamaza kwa mazoea. Fikirini leo ni nani huyo, na nani anasubiri kumsikia. Nami nina wangu nitakaowapigia nikitoka hapa.

Jana nilimuuliza Héritière anataka tumpigie wimbo gani. Akasema hataki wimbo. Akaniambia kwamba tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumpa pole ya mama yake. Wakubwa walikataza akiwa na miezi minane, na baadaye hakuna aliyejua kwamba bado anaidai pole hiyo.

Basi Héritière, nitazame. Pole kwa kufiwa na bibi yako, Clémentine Nabintu. Na pole, mwanangu, kwa kufiwa na mama yako, Falonne Nsimire.